Galen: Mtaalamu wa Koo Aliyegeuzwa Desa

Hakuna mwanafunzi wa chuo ambaye hajawahi kupaliwa. Mtu amesimama foleni ya kafeteria tangu saa saba, kipindi kinaanza saa nane kamili, wali maharage unafika mezani saa nane kasoro kumi, na hapohapo mshikaji wake anasimulia mechi ya jana. Anacheka akiwa na tonge mdomoni. Punje inakwenda njia isiyo yake, macho yanamtoka, anakohoa mpaka meza nzima inanyamaza. Baada ya dakika moja anafuta machozi, wenzake wanamtania kwamba kuna mtu anamsema huko, na maisha yanaendelea.

Mimi nasoma elimu, na somo langu la kufundishia ni Baiolojia, kwa hiyo jambo hili limenikaa kichwani. Mwakani, Mungu akipenda, nitasimama mbele ya darasa nikiwa na chaki na mchoro wa koo. Nimekuwa nikijiuliza nitawaambia nini wanafunzi zaidi ya kuwataka wanakili mchoro. Katika kutafuta nimekutana na mzee mmoja aliyekufa yapata miaka 1,800 iliyopita, na leo nataka niwasimulie maisha yake. Anaitwa Galen. Waarabu walimwita Jalinus.

Kwanza tuelewane kuhusu koo lenyewe. Koo ni njia panda. Mbele ipo njia ya hewa inayokwenda mapafuni, nyuma yake ipo njia ya chakula, yaani umio, inayokwenda tumboni. Hewa inaingia kwa juu nyuma, puani, halafu inakuja mbele. Chakula kinaingia kwa mbele, mdomoni, halafu kinakwenda nyuma. Zinakatizana! Maana yake ni kwamba kila tonge unalomeza linapita juu kabisa ya mlango wa mapafu yako. Tunameza mamia ya mara kwa siku, hata mate usingizini, na bado kupaliwa ni jambo la nadra kiasi kwamba tunalicheka. Nani analinda mlango huo? Galen alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitafuta majibu ya maswali ya namna hiyo.

Kijana wa Pergamon

Alizaliwa mwaka 129 baada ya Kristo katika mji wa Pergamon, ambao leo unaitwa Bergama, magharibi mwa Uturuki. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Dola ya Kirumi, ila wasomi wake walisema na kuandika Kigiriki. Baba yake, Nikon, alikuwa msanifu majengo mwenye mashamba, mtu mtulivu aliyependa hesabu. Mama yake, kwa masimulizi ya Galen mwenyewe, alikuwa na hasira mpaka za kuwang'ata wajakazi. Galen anasema aliamua mapema kufuata mwenendo wa baba. Lakini ukisoma habari zake unaona kwamba damu ya mama haikumwacha, maana katika vitabu vyake anawashambulia madaktari wenzake bila kupumzika.

Baba alitaka kijana awe mwanafalsafa. Galen alipofika miaka 16 hivi, Nikon aliota ndoto akaamini kwamba Asklepio, mungu wa uponyaji ambaye hekalu lake lilikuwa maarufu sana pale Pergamon, anataka mtoto asome udaktari. Hapa chuoni tunao wengi waliochaguliwa kozi na wazazi. Huyu kozi yake ilichaguliwa na ndoto ya mzazi, na akaipenda kweli. Miaka michache baadaye Nikon alifariki, Galen akiwa na miaka 19, akamwachia mali ya kutosha. Hakuwa mtu wa kusubiri boom.

Alisoma Pergamon, akahamia Smyrna, akaenda Korintho, kisha Alexandria nchini Misri. Jumla alikaa shuleni kama miaka 12. Alexandria aliipenda kwa sababu moja kubwa: huko walimu walifundisha mifupa kwa kuionyesha mifupa yenyewe. Baadaye aliwashauri vijana wanaotaka udaktari wasafiri mpaka Alexandria hata kama ni kwa jambo hilo moja tu. Sehemu nyingine mwanafunzi alisomewa maelezo, basi.

Mwaka 157 alirudi nyumbani akiwa na miaka 28, akapewa kazi ya kuwatibu wapiganaji wa uwanjani, wale watumwa na wafungwa waliopigana kwa mapanga ili umma ufurahi. Namna alivyoipata kazi hiyo inatisha kidogo. Anasimulia kwamba alimpasua nyani tumbo mbele ya madaktari wengine, akawataka wairudishe mishipa na matumbo mahali pake. Hakuna aliyethubutu. Akafanya mwenyewe, akashona. Usaili wa kazi ukaishia pale.

Kwa wapiganaji wale alijifunza mambo mengi. Kupasua maiti ya binadamu hakukuruhusiwa katika ulimwengu wake. Lakini mtu akiletwa amekatwa shingo au paja, daktari analazimika kutazama ndani, apende asipende. Sehemu nyingine zote alizisoma kwa wanyama: nyani, mbuzi, ng'ombe, na hasa nguruwe. Tumkumbuke nguruwe, ndiye aliyemtangaza mjini.

Nguruwe anyamaza

Galen alifika Roma mwaka 162. Mji ulikuwa na kila aina ya daktari, na kila mmoja alikuwa na kundi lake. Kulikuwa na ubishi mkubwa wa wakati ule: mtu anafikiri kwa kutumia nini? Aristotle alikuwa ameshasema ni moyo. Wanafalsafa wa Kistoa nao walishikilia moyo, na hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Sauti inatoka kifuani. Maneno yanabebwa na sauti. Maneno yanatoka kwenye fikra. Basi fikra zinakaa kifuani.

Tusiwacheke. Sisi wenyewe tunasema jambo limeniingia moyoni, nimewaza moyoni, moyo umekataa. Lugha yetu bado iko upande wa Aristotle.

Galen alikuwa na silaha ambayo wengine hawakuwa nayo. Katika kupasua shingo za wanyama alikuwa amegundua mishipa miwili myembamba ya fahamu yenye safari ya ajabu. Inatoka kichwani, inateremka shingoni ikiipita sehemu inayotoa sauti, inaingia kifuani, halafu inageuka na kupanda tena mpaka kwenye koromeo. Wa kushoto unazunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, wa kulia unazunguka mshipa wa damu unaokwenda mkononi. Ndiyo maana hadi leo inaitwa mishipa inayorudi. Kwa binadamu mzunguko huo ni mfupi. Kwa twiga wetu wa Mikumi, mshipa huo unashuka shingo nzima na kupanda shingo nzima, mita kadhaa, ili kufika mahali ambapo ungeweza kufika kwa sentimita chache tu.

Rafiki yake Boethus, kiongozi mkubwa wa Kirumi aliyependa falsafa ya Aristotle, aliandaa onyesho. Waliitwa wasomi wa mji. Wakaletwa nguruwe na wanambuzi. Kabla hata kisu hakijaguswa, mwanafalsafa mmoja aitwaye Alexander wa Damascus akauliza kama kweli tunapaswa kuamini yale ambayo macho na masikio yetu yanatuambia. Galen akakasirika, akaondoka. Unaweza kusema ni utoto. Lakini fikiria umeandaa somo kwa vitendo, vifaa vyote viko mezani, halafu mtu anauliza kama kuna haja ya kuangalia. Waliokuwepo walimlaumu Alexander, na onyesho likafanyika siku nyingine, kwa siku kadhaa, huku Boethus akiwa ameleta waandishi wa hatimkato waandike kila kitu.

Wapenzi wa kitimoto mtanivumilia. Nguruwe alifungwa kwenye ubao akiwa hai, akipiga kelele kama nguruwe anavyojua. Galen alifungua shingo, akaishika ile mishipa miwili kwa uzi. Akakaza uzi. Kelele zikakatika papo hapo, ingawa mnyama bado alikuwa anapumua na kuhangaika. Akalegeza uzi. Kelele zikarudi. Moyo haukuguswa kabisa. Kilichoguswa ni uzi mwembamba unaotoka kichwani. Ubishi wa fikra kukaa kifuani ulipata pigo ambalo haukupona vizuri.

Sitaki kulipamba onyesho lile. Mnyama hakupewa dawa ya usingizi kwa sababu haikuwepo, na Galen mwenyewe anaeleza kwamba alipendelea nguruwe kuliko nyani kwa sababu sura ya nyani anayeteseka inachukiza kuitazama. Alijua kwamba yale ni mateso. Mimi nikifundisha habari hii nitaisema yote, pamoja na hilo. Mwanafunzi akijua maarifa yalilipiwa nini, nadhani atayaheshimu zaidi.

Mlango na kifuniko

Sasa turudi kwenye tonge, maana mishipa ile ya sauti ndiyo hiyohiyo ya mlango.

Nyuzi za sauti, ambazo wenzetu wa Isimu wanazihesabu katika alasauti, tumezizoea kama kifaa cha kusemea na kuimbia. Kazi yake ya msingi ni kufunga. Ziko mlangoni kabisa mwa njia ya hewa, na unapomeza zinabana, hewa inasimama kwa muda usiofika hata sekunde moja, chakula kinapita, zinaachia. Kiumbe asiye na neno la kusema bado anazihitaji.

Galen aliandika habari za watoto wawili waliokuwa na uvimbe shingoni. Mmoja alitibiwa na mtu asiyejua njia ya ile mishipa, akaichana yote miwili katika kung'oa uvimbe. Uvimbe ulipona, mtoto akawa bubu. Mwingine aliharibiwa mshipa wa upande mmoja, akabaki na nusu ya sauti. Watu walishangaa, kwa kuwa koo lenyewe lilionekana zima. Galen hakushangaa. Leo madaktari wanaopasua shingo, kwa mfano kutoa tezi, bado wanaitafuta kwanza mishipa hiyo kabla ya kukata, kwa sababu mgonjwa akiipoteza sauti inakwaruza, na zaidi ya hapo anaanza kupaliwa na maji. Mlango haufungi vizuri.

Juu ya mlango huo kuna kipande cha gegedu chenye umbo la jani, kinaitwa epigloti. Galen alikieleza vizuri sana katika kitabu chake kikubwa kuhusu faida ya viungo vya mwili. Alisema kinasimama wima tunapovuta pumzi ili hewa ipite, na kinainama juu ya mlango wa hewa tunapomeza, kikisukumwa na chakula chenyewe. Alieleza pia kikohozi, kwamba kitu kigeni kikiteleza kikaingia, mwili unakirusha nje kwa nguvu ya hewa.

Kwa mtu asiye na eksirei wala kamera, maelezo hayo yanastaajabisha. Lakini hayajakamilika, na mahali pamoja amekosea. Kitabu kimoja cha kale cha madaktari wa Kigiriki na mwanafalsafa Plato walikuwa wamesema kwamba sehemu ya kinywaji huenda mapafuni. Aristotle alipinga. Galen akasimama katikati, akasema ni kiasi kidogo tu kinachotiririka kandokando ya ukuta wa njia ya hewa. Alitoa hata ushahidi: chukua mnyama mwenye kiu, mnyweshe maji yaliyotiwa rangi, mchinje mara moja, utaona rangi kwenye mapafu. Inawezekana aliiona kweli hiyo rangi. Mnyama mwenye kiu kali anayekunywa mikononi mwa watu anaweza kupaliwa kama sisi. Lakini kupaliwa ni hitilafu, na yeye aliigeuza kuwa kanuni.

Hebu jaribu sasa hivi hapo ulipokaa. Weka vidole viwili juu ya kikoromeo, meza mate. Umehisi kinapanda? Hicho ndicho kitendo kikuu. Ulimi unasukuma tonge nyuma. Kaakaa laini linapanda kuziba njia ya pua. Koromeo zima linavutwa juu na mbele, likajificha chini ya shina la ulimi kama mtu anayejikunyata mvua isimpate. Nyuzi za sauti zinabana, na nyama za juu yake zinabana pia. Epigloti inalala juu. Umio unafunguka, tonge linashuka. Kisha kwa kawaida unatoa pumzi kidogo, ambayo inapuliza mabaki yaliyobaki mlangoni. Ukicheka katikati ya tonge, unavuta hewa wakati ambao mlango ulitakiwa uwe umefungwa. Hiyo ndiyo hadithi ya wali maharage.

Mwaka 1813 Mfaransa François Magendie aliwaondoa mbwa epigloti akaona bado wanaweza kumeza. Yaani kile kifuniko ambacho vitabu vingi vya shule hukitaja peke yake ni askari mmoja tu katika kikosi. Kazi kubwa inafanywa na kupanda kwa koromeo na kubana kwa nyuzi. Nguruwe wa Galen alikuwa ameshaelekeza huko, kwa kuwa mishipa aliyoifunga kwa uzi ndiyo inayoamrisha kubana huko.

Moto, na desa la miaka elfu

Mwaka 166, tauni kubwa ikiwa inaenea katika dola, Galen aliondoka Roma akarudi Pergamon. Wapo wanaosema alikimbia ugonjwa. Haikupita muda akaitwa na makaisari Marcus Aurelius na Lucius Verus wakiwa vitani kaskazini mwa Italia. Marcus alitaka aandamane na jeshi. Galen akajibu kwamba Asklepio hakubali, akabakizwa Roma kumwangalia Commodus, mtoto wa kaisari. Ile ndoto ya baba ilikuwa bado inamlipa.

Mwaka 192 moto uliunguza sehemu ya Roma, pamoja na ghala alimohifadhi vitabu, dawa na vifaa vyake. Vitabu vingine havikuwa na nakala popote. Aliandika barua kueleza kwa nini hakuvunjika moyo. Barua hiyo ilidhaniwa imepotea hadi mwaka 2005, alipoikuta mwanafunzi wa uzamivu wa Kifaransa katika hati za kale za monasteri moja huko Thessaloniki, Ugiriki. Mwanafunzi, jamani! Alikuwa anapekua orodha ya maktaba. Wale wanaosema maktaba ni mahali pa kuchajia simu wafikirie tena.

Galen alikufa karibu na mwaka 216 kwa makadirio ya wengi siku hizi. Pamoja na moto ule, maandishi yake yaliyobaki yalijaza vitabu 22 yalipochapwa Leipzig kati ya 1821 na 1833. Katika karne ya 9 Hunayn ibn Ishaq na wenzake wa Baghdad waliyafasiri kwa Kisiriaki na Kiarabu, na kwa mlango huo Jalinus akasomwa kutoka Asia ya Kati hadi Hispania. Baadaye Ulaya nayo ikamsoma kwa Kilatini.

Hapa ndipo ninapomhurumia. Mtu aliyesafiri mpaka Alexandria kuona mfupa kwa macho, aliyeondoka kwenye ukumbi kwa hasira kwa sababu mtu ametilia shaka macho, aligeuzwa desa. Kwa zaidi ya miaka 1,000 walimu wengi walisoma kitabu chake kwa sauti, wanafunzi wakanakili, mtihani ukatoka humohumo. Alikuwa amesema taya la chini la binadamu lina mifupa miwili, kwa kuwa wanyama wengi aliowapasua ndivyo walivyo. Ikanakiliwa. Alisema ukuta wa katikati ya moyo una vitundu visivyoonekana vya kupitisha damu. Ikanakiliwa.

Haikuwa watu wote, na hilo tulitaje kwa haki. Al-Razi, daktari mkubwa wa Uajemi, aliandika kitabu kizima cha mashaka juu ya Jalinus huku akikiri kwamba ni mwalimu wake. Abd al-Latif wa Baghdad, wakati wa njaa kubwa ya Misri karibu na mwaka 1200, alikagua mafuvu mengi sana yaliyotapakaa, akakuta taya la chini ni mfupa mmoja. Akaandika kwamba macho ni shahidi mkweli kuliko Jalinus. Ibn al-Nafis, katika karne ya 13, alikana vile vitundu vya moyo. Mwaka 1543 Andreas Vesalius akatoa kitabu chake cha mwili wa binadamu kilichotokana na kupasua maiti kwa mikono yake, na desa likaanza kuchanika rasmi. Kwa maoni yangu hao ndio waliokuwa wanafunzi halisi wa Galen. Walifanya alichofanya yeye.

Na sisi?

Msomaji unaweza kusema hii ni historia tu, na una UE wiki ijayo. Nikupe sababu mbili za kuijali.

Mwaka juzi bibi yangu mzaa mama alipata kiharusi. Alipolazwa, nesi mmoja alikataa katakata asipewe maji mpaka apimwe kumeza. Mama mkubwa aliumia sana, akaona mgonjwa ananyimwa hata tone la maji. Nesi alieleza taratibu kwamba kiharusi kinaweza kulegeza kikosi kile chote, na kinaweza pia kuua hisia za koo, hivyo maji yanaingia mapafuni bila hata kikohozi. Familia inaona mgonjwa anakunywa vizuri, kumbe anajaza mapafu, na nimonia inafuata. Leo bibi anakunywa uji mzito kwa kijiko, ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, na haharakishwi. Nyumba ngapi zinamlaza mgonjwa chali na kummiminia uji kwa upendo?

Sababu ya pili iko kafeteria. Mwenzako akipaliwa na anakohoa kwa sauti, mwache akohoe, mhimize aendelee, usimpe maji. Kikohozi kile ni kazi ya mwili na ni bora kuliko msaada wako. Akishindwa kusema, kukohoa na kupumua, hapo hakuna kutania. Mwinamishe mbele, mpige katikati ya mabega kwa kisigino cha mkono mara 5. Haikutoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi kati ya kitovu na mbavu, vuta ndani na juu mara 5. Badilisha hizo mbili huku mtu mwingine akiita msaada. Mjamzito habanwi tumbo, anabanwa kifua. Mtoto mchanga pia habanwi tumbo, ana utaratibu wake, uulize zahanati kabla hujauhitaji.

Sisi wa elimu tuna zigo la ziada. Wengi wetu tutapangiwa shule ambazo maabara ni chumba chenye kufuli na vumbi. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kuandika notisi ubaoni na kuwapa wanafunzi desa, kama tulivyopewa. Lakini kila mtoto darasani atakuwa amekuja na koo lake. Halina gharama, halihitaji umeme. Mwambie aweke vidole, ameze, aseme amehisi nini. Mwambie ajaribu kumeza na kuvuta pumzi kwa pamoja aone kama ataweza. Halafu ndipo uchore, na mchoro utakuwa unaeleza kitu ambacho tayari anakijua mwilini mwake.

Atatokea mmoja atakayeuliza swali ambalo halimo kwenye kitabu. Huyo usimnyamazishe. Mpe nafasi, ukishindwa kumjibu mtafute naye jibu. Na nyie mnaosoma hii mezani kafeteria, mezeni kwanza, ndipo mcheke.